Sura ya Sita: Mgeni wa Saa Chache

Meli za kitalii hufika Kilwa Kisiwani zaidi katika miezi ya kaskazi, kuanzia Novemba hivi hadi Machi au Aprili. Ni miezi ileile ambayo majahazi ya Arabuni, Ghuba ya Uajemi na Bara Hindi yalikuwa yakishuka na upepo kuja pwani yetu, karne nyingi kabla ya injini. Nahodha wa leo hahitaji upepo. Anauchagua msimu huu kwa sababu bahari imetulia, na kwao Ulaya ni baridi, wenye fedha wanatafuta jua. Hata hivyo njia ni ileile na mlango ni uleule: mkono wa bahari wenye kina kirefu baina ya Kilwa Masoko na kisiwa, mahali ambapo chombo kikubwa kinapata maji ya kutosha na kinga ya mawimbi. Hapo ndipo meli ndogo za kifahari, zikiwemo za kampuni ya Kifaransa ya Ponant, zimekuwa zikitia nanga miaka ya karibuni. Zinafika asubuhi, na jua linapozama huwa zimekwisha kung'oa nanga, zimeshika njia ya Zanzibar au ya Msumbiji na Komoro.

Saa hizo chache ndizo zilizonipeleka Kilwa. Mtu anaweza kuuliza zinamhusu nini mwandishi aliyezaliwa Bariadi, mkoani Simiyu, kwenye pamba na ng'ombe, mbali sana na maji ya bahari. Zinanihusu sana, kwa kuwa mkoa wetu nao una mgeni wa namna hiyo. Magari ya watalii yanayotoka Mwanza hupita Lamadi, wilayani Busega, yakielekea lango la Ndabaka kuingia Serengeti. Yanapunguza mwendo kwenye matuta, mengine yanajaza mafuta na kununua maji ya chupa, kisha yanaingia hifadhini na fedha karibu zote alizokuja nazo mgeni. Nimekua nikiyaona. Nilitaka kuuona mji mwingine unaopitwa, wenye sifa kubwa kuliko yetu, na kujua unaishi vipi na wageni wake.

Safari ya nchi kavu ni ndefu: Shinyanga, Singida, Dodoma, Dar es Salaam, halafu barabara ya kusini, daraja la Mkapa juu ya Rufiji, mpaka Nangurukuru, njia panda ya kwenda Kilwa Masoko. Pale Nangurukuru, nikisubiri gari, nilisikia nyuma yangu mtu akiamkia "Mwangaluka!" nikageuka kabla sijafikiri. Walikuwa vijana wa Kisukuma wakiuziana dawa za mifugo. Mwaka 2006 na 2007 Serikali ilipoondoa mifugo katika bonde la Usangu na Ihefu huko Mbeya, wafugaji wengi walielekezwa mikoa ya Lindi na Pwani, na Wasukuma wakawa miongoni mwao. Leo wako Kilwa kwa miaka karibu ishirini, wana mashamba, wana makaburi ya wazee wao, na wana migogoro ya malisho na wakulima ambayo haijaisha. Hao ni wageni waliokuja wakakaa, na habari zao zinastahili sura ya peke yake. Nawataja hapa ili ieleweke kwamba Kilwa haijaacha kupokea watu. Imezoea kazi hiyo kuliko mji wowote ninaoujua Tanzania.

Kutoka gati la Masoko mpaka kisiwani ni mwendo mfupi wa mashua, kama kilometa mbili. Nahodha wetu alikuwa mtu mzima, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine kwenye kamba ya tanga.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umetoka wapi?"

"Bariadi, Simiyu. Usukumani."

"Basi si mgeni. Ndugu zako tunao huku, wametuletea ng'ombe. Zamani maziwa tulikuwa tunayajua ya kopo."

Nikamuuliza habari za meli. Alifikiri kidogo, akasema meli ikija huwa sikukuu. "Lakini sikukuu yenyewe ya asubuhi. Wanatazama, wanapiga picha, wanashukuru sana, watu wazuri. Pilau wanakwenda kuila melini."

Nimeikumbuka kauli hiyo mara nyingi tangu siku ile, kwa sababu ndani yake mna hesabu nzima ya utalii wa meli. Katika safari za namna hii abiria huwa amekwisha kulipia kila kitu kabla hajapanda: chumba, chakula, kinywaji, mara nyingi hata matembezi ya nchi kavu. Akishuka, mfukoni hana sababu ya kutoa zaidi ya bakshishi na bei ya kikapu. Kisiwa kinapata ada ya kiingilio inayokwenda kwenye mamlaka ya uhifadhi, posho ya waongoza watalii, na kile kidogo kinachouzwa juu ya mikeka.

Siku meli inapokuwapo, kazi huanza kabla mgeni hajaamka vizuri. Maofisa wa uhamiaji, forodha, afya na bandari hupanda kukagua karatasi. Ufukweni, askari wa Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania, TAWA, ambayo ndiyo inayosimamia magofu ya Kilwa, wanapanga makundi na waongozaji. Kina mama wametandika mikeka kivulini karibu na ngome kongwe iitwayo Gereza: vikapu vya ukili, kofia za kushonwa kwa mkono, madafu, kashata. Boti za mpira zinateremshwa ubavuni mwa meli, zinakuja kwa mwendo wa kasi, na watu wa makamo waliovaa majaketi ya kuokolea wanashuka kwenye maji ya kina cha kifundo cha mguu, mmoja mmoja, wakishikwa mkono.

Niliketi kwa muda na mama mmoja aliyekuwa anasuka huku akiuza. Vidole vyake havikusimama hata mteja alipoinama kuuliza bei. Ukili aliokuwa nao ulikuwa wa rangi tatu, wa asili, mwekundu na zambarau, na kila baada ya mikunjo kadhaa aliulowesha kwa maji ya kwenye kibati ili usikatike. Mkeka mmoja wa kulalia, aliniambia, humchukua wiki kadhaa, na mtalii hawezi kuubeba, kwa hiyo amejifunza kusuka vitu vidogo: vikapu vya kiganja, vizibo vya mitungi, mikanda. Kazi kubwa anayoijua vizuri zaidi, kazi aliyofundishwa na bibi yake, haina mnunuzi anayekaa muda wa kuielewa. Boti ya mwisho ilipoondoka alikunja vitu vyake kwa haraka, kwa kuwa maji yalikuwa yanakupwa na alitaka kuwahi pweza.

Hapa ndipo historia ya Kilwa inapokuwa na la kutufundisha, maana mji huu ulijengwa na wageni wa aina nyingine kabisa: wageni waliolazimika kungoja.

Upepo wa kaskazi huvuma kuja kusini kuanzia Novemba hivi. Kusi huvuma kurudi kaskazini kuanzia Aprili. Jahazi lililotoka Omani au Ghuba liliweza kufika Kilwa kwa kaskazi moja na kurudi kwa kusi ya mwaka uleule. Likienda mbele zaidi, mpaka Sofala, katika Msumbiji ya kati, lingechelewa upepo wa kurudi na kupoteza mwaka mzima. Kwa hiyo Kilwa ilikuwa ndiyo mwisho wa safari inayowezekana, na dhahabu iliyotoka bara la Zimbabwe kupitia Sofala ilibidi ipandishwe na vyombo vya watu wa Kilwa wenyewe mpaka hapa, mgeni aikute. Mwenyeji alishika njia ambayo mgeni asingeweza kuipita peke yake. Tena mgeni alikaa. Alikaa wiki, akakaa miezi, akisubiri upepo ugeuke. Alihitaji nyumba ya kupanga, ghala, mkopo, chakula, mtu wa kumwamini, msikiti wa kuswali, na mara nyingi mke. Walioa, walizaa, walijenga, walizikwa. Katika miezi ile ya kungoja ndimo mji ulimoota.

Msafiri Ibn Battuta alifika mwaka 1331, akakuta sultani ni al-Hasan ibn Sulaiman, aliyeitwa Abu al-Mawahib kwa ukarimu wake. Akauandika mji huu miongoni mwa miji mizuri na iliyojengwa vizuri aliyoiona, na yeye alikuwa ameona mingi. Anasimulia kwamba maskini mmoja kutoka Yemen alimwomba sultani nguo alizokuwa amevaa, na sultani akaingia ndani, akavua, akampa. Kisa hicho hupendwa kusimuliwa kwa watalii. Sehemu yake ya pili husahauliwa: zawadi zilizofuata zilikuwa pembe za ndovu na watumwa. Naona ni haki kisimuliwe chote. Ukarimu wa Kilwa ulikuwa wa kweli, na mali uliyotokana nayo ilikuwa na jasho na machozi ya watu wa bara ndani yake. Karne tano baadaye, mji jirani wa Kilwa Kivinje ulikuwa mmoja wa milango mikubwa ya biashara ya watumwa kutoka upande wa Ziwa Nyasa. Anayependa magofu haya, nami nayapenda, anapaswa kuvibeba vyote viwili.

Sultani yuyo huyo ndiye anayehusishwa na jumba la Husuni Kubwa, juu ya genge mashariki mwa mji, lenye vyumba zaidi ya mia moja na birika la kuogelea la pembe nane linalotazama bahari. Ndiye pia aliyeupanua Msikiti Mkuu, ambao sehemu yake ya kwanza ni ya karne ya 11, kwa nguzo, matao na makuba. Upanuzi huo uliporomoka na kujengwa upya katika karne ya 15, na ndio tunaouona leo. Nilipoingia, makundi ya meli yalikuwa yamekwisha kutoka. Palikuwa na ubaridi, na kwa kuwa chokaa imebanduka sehemu nyingi, jiwe lenyewe linaonekana. Nikaweka kidole. Jiwe limejaa vijitundu vya umbo la nyota, vidogo kuliko punje ya mtama, vimepangana bila kugusana, maelfu kwa maelfu kutoka sakafuni hadi juu kuliko mkono unavyofika. Kila kijitundu kilikuwa makazi ya kiumbe mmoja.

Mji wote umejengwa kwa mwamba wa bahari. Mafundi walikuwa na mawe ya aina mbili. La kwanza ni lile gumu la kuchimbwa nchi kavu, mwamba wa kale ambao bahari ilijitenga nao zamani. Hilo ni la kuta nene. La pili ni tumbawe bichi lililokatwa chini ya maji, ambalo likiwa bado na unyevu hukatika na kuchongeka kwa urahisi, na likikaa hewani linakuwa gumu. Hilo lilikuwa la mihrabu, miimo ya milango na nakshi. Matumbawe hayohayo yakipangwa juu ya tanuri la magogo na kuchomwa hutoa chokaa ya kuunga na kupaka. Paa ziliezekwa juu ya boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti haizidi urefu fulani, vyumba vya Kilwa vingi ni vyembamba, upana wa mita mbili na nusu hadi tatu. Bahari ndiyo iliyotoa jiwe, chokaa, na mti, na ikapima hata upana wa chumba.

Tumbawe la aina ile inayochongwa hukua kwa wastani wa sentimeta moja hivi kwa mwaka. Bonge la sentimeta 40 ni kazi ya miaka 40. Nikisimama mbele ya mihrabu naona muda ambao hakuna sultani aliyeweza kuununua, na ambao sisi tumeuharibu kwa sekunde moja ya baruti. Uvuvi wa mabomu ulianza pwani ya Tanzania tangu miaka ya 1960, ukaendelea kwa miongo kadhaa ingawa sheria iliukataza. Chupa iliyojazwa mbolea na kufungwa utambi ilitosha kuua samaki wa eneo zima na kuacha mwamba ukiwa vifusi visivyoshikika, ambavyo tumbawe jipya haliwezi kuota juu yake kwa kuwa vinagaragazwa na mawimbi. Kati ya 2016 na 2018 vyombo vya dola viliungana na vijiji kwa msako mkali, milipuko ikapungua sana. Hilo ni jambo jema lililofanywa na Watanzania, na halisemwi vya kutosha.

Adui mwingine hapigwi msako. Kiumbe wa tumbawe huishi na mimea midogo mno ndani ya mwili wake, inayompa rangi na sehemu kubwa ya chakula. Bahari ikipata joto la nyuzi moja tu kupita kiwango chake cha juu cha kawaida, kwa wiki kadhaa, anaitoa mimea hiyo; mwamba unakuwa mweupe, na hali isipobadilika unakufa. Ilitokea mwaka 1998 katika pwani yetu yote, miamba ya Mafia ikaumia vibaya. Ikatokea tena 2016, na mwaka 2024 wanasayansi walitangaza tukio la nne la aina hiyo kwa dunia nzima. Moshi wa injini za meli una sehemu yake katika joto hilo, kama ulivyo moshi wa viwanda na wa ndege. Abiria anayeshuka kutazama mji wa matumbawe anastahili kuelezwa na hili, kwa heshima, na wenyeji ndio wanaofaa kumweleza.

Jambo jingine nililolitafuta Kilwa ni pamba. Neville Chittick, mwanaakiolojia aliyechimba hapa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950, alifukua vigurudumu vingi vya kusokotea nyuzi, vilivyotengenezwa kwa vigae vya vyungu vilivyovunjika. Vimekatwa duara, vikatobolewa katikati, vikachomekwa kijiti. Nilipoviona kwenye picha kabla ya safari nilishangaa, kwa sababu sisi wa Simiyu tunavuna pamba nyingi kuliko mkoa wowote nchini, na sehemu kubwa inaondoka kwetu ikiwa imechambuliwa tu, nyuzi na kitambaa vikafanywa mbali. Miaka zaidi ya mia sita iliyopita watu wa kisiwa hiki walikuwa wanasokota nyuzi wenyewe kwa vigae vya vyungu, na nguo ilikuwa sarafu ya biashara ya Sofala. Kilwa ilikuwa tajiri kwa kuwa ilifanya kazi juu ya kile kilichopita mkononi mwake: ilisokota, ilipima, ilihifadhi, ilikopesha, na ilifua sarafu zake za shaba, ambazo moja imeokotwa mpaka Zimbabwe Kuu.

Kisha wakaja wageni wasiotaka kungoja. Vasco da Gama alitia nanga mwaka 1502 akiwa na mizinga, akadai kodi ya dhahabu kutoka kwa Amiri Ibrahim aliyetawala mji, akaipata. Dhahabu hiyo ilipelekwa Ureno, na Mfalme Manuel akaamuru itengenezwe chombo cha ibada, kilichokamilika 1506 kwa mkono wa sonara Gil Vicente. Kipo hadi leo Lisbon, katika jumba la taifa la makumbusho ya sanaa za kale, na watu huenda kukitazama. Mwezi Julai 1505 Mreno mwenzake, Francisco de Almeida, alikuja na kundi kubwa la meli, akauteka mji, akauacha ukiporwa, akajenga ngome. Wareno waliihama mwaka 1512, lakini walikwisha kuikata njia ya dhahabu, na Kilwa haikurudi tena katika hali yake. Gereza lenye meno juu ya ukuta ambalo mtalii analipiga picha akishuka botini lilijengwa upya na Waomani baadaye. Chini yake mna mawe ya ngome ile. Safari ya da Gama nayo ilikuwa ya kutia nanga kwa muda mfupi. Silinganishi abiria mstaafu wa Ufaransa na mtu huyo, itakuwa dhuluma. Ninachosema ni kwamba Kilwa imeona tofauti kati ya mgeni anayeutegemea mji na mgeni ambaye meli yake ina kila kitu.

Shirika la UNESCO liliyaandika magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara katika urithi wa dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 yaliwekwa katika orodha ya hatari, mawimbi na mvua vikiwa vinakula kuta, na mwaka 2014 yakatolewa humo baada ya kuta kuegemezwa, mikoko kupandwa na ufukwe kukingwa. Wanakijiji walishiriki kazi hiyo kwa mikono yao. Baadhi yao walijifunza upya kuchoma na kuchanganya chokaa kwa namna ya wazee. Ujuzi huo uko kisiwani sasa hivi. Mafundi wapo. Nilipomuuliza mwongozaji mmoja kijana kama watalii wa meli wamewahi kuonyeshwa fundi akifanya kazi, alisema muda hautoshi, ratiba ni msikiti, jumba la Makutani, Husuni Kubwa kama maji yanaruhusu, kisha botini.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika meli hizi mwenyeji anapona kidogo sana, na lawama si ya mgeni. Kampuni inauza ratiba yenye bandari nyingi, na kila bandari inapewa nusu siku. Mwenye uwezo wa kubadili hilo ni yule anayetoa kibali cha kutia nanga. Serikali imewekeza fedha nyingi Kilwa Masoko. Jiwe la msingi la bandari ya uvuvi liliwekwa na Rais Samia Suluhu Hassan mwezi Septemba 2023, na filamu ya Royal Tour imewafanya wageni waulizie nchi yetu kuliko zamani. Huu ndio wakati wa kuweka masharti ambayo masultani waliyapata bure kutoka kwa upepo: meli ilale usiku mmoja. Chakula kimoja kiliwe nchi kavu, kwa samaki wa Kilwa, kimepikwa na watu wa Kilwa. Nanga itiwe mahali palipopimwa, kwenye mchanga, mbali na matumbawe. Sehemu ya kiingilio ibaki kijijini, kwa hesabu inayobandikwa ukutani kila mtu aisome.

Usiku mmoja una faida ambayo nusu siku haiwezi kuwa nayo, nayo ni maji kupwa. Wakati wa bamvua bahari hushuka mita tatu na zaidi, mwamba unabaki wazi, na kina mama wanatoka na vijiti vyao kutafuta pweza. Katika baadhi ya vijiji vya Kilwa na Mafia wamekubaliana kufunga sehemu za mwamba kwa miezi kadhaa. Pweza haishi zaidi ya mwaka mmoja hivi na hunenepa haraka mno, kwa hiyo mwamba ukifunguliwa wanapatikana wakubwa, bei nzuri, na matumbawe yamepumzika kukanyagwa. Kutembea na mama anayejua tundu gani lina pweza na lipi limehamwa ni elimu kubwa kuliko maelezo ya birika la Husuni. Haiwezi kupangwa kwenye ratiba ya meli inayoondoka saa nane mchana, kwa kuwa bahari haina ratiba hiyo.

Nilirudi Simiyu nikiwa na mambo ya kuwaambia watu wa Lamadi na halmashauri ya Busega. Sisi hatuna msikiti wa karne ya 11. Tuna Ziwa Victoria upande mmoja na Serengeti upande mwingine, na mji mmoja uliobana katikati, jambo ambalo miji mingi ya utalii ingelilipia. Tuna ngoma za Wagika na Wagalu, vyama viwili vinavyoshindana kila baada ya mavuno, mashindano yasiyofanywa kwa ajili ya mtalii na kwa sababu hiyo yanastahili kutazamwa. Tuna jumuiya ya hifadhi ya Makao, wilayani Meatu, ambako vijiji tayari vinapata mgawo kutoka kwa wawekezaji wa wanyamapori. Tuna viwanja vya Nyakabindi, vilivyopokea maonyesho ya kitaifa ya Nanenane kuanzia 2018 hadi 2020, na ambavyo sehemu kubwa ya mwaka vimefungwa. Msimu wa pamba unapofika, maghala ya vyama vya msingi hujaa marobota meupe mpaka mlangoni, na hakuna gari hata moja la watalii linalokata kona kuja kuona shati lao linaanzia wapi.

Mwenye hoteli mmoja wa Lamadi alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza swali la mfanyabiashara: huyo mgeni atalala kwa sababu gani, wakati simba wako ndani? Nikamjibu kwamba gari linalotoka Mwanza asubuhi linafika Lamadi kabla ya chakula cha mchana, na mwenye gari anajua kwamba wanyama wanaonekana vizuri alfajiri na jioni, jua la mchana wamelala vichakani. Yapo masaa matano ya mgeni ambayo hayana kazi. Watu wa Lamadi wamuuzie sato wa Busega aliyechomwa mbele yake, wampeleke ziwani kwa mtumbwi, wamwonyeshe nyumba ya msusi wa mkeka na kinu cha kuchambulia pamba, na alale, aingie Ndabaka lango linapofunguliwa saa kumi na mbili asubuhi. Akachukua kalamu, akaanza kuandika bei ya sato nyuma ya risiti.